Mwaka Nilioandika "Jina Halijulikani"

Papa Balagizi tulimzika Alhamisi, mvua ikinyesha jinsi Bukavu inavyojua kunyesha, na Jumamosi binti yake Sifa alikuja kuniita chini ya turubai tulipokuwa tumekaa kwenye kilio. Alinipeleka chumbani kwa marehemu. Godoro lilikuwa limekwisha kutolewa, shangazi zake walikuwa wanagawana mashuka, na chini ya kitanda kulikuwa na ramani zimeviringwa kama mikeka. Sifa alinieleza kwa haya kwamba shangazi mmoja alikwisha kutumia karatasi mbili kuwashia makaa, akidhani ni takataka za biro, ofisi yetu ya zamani. Nilicheka, maana mzee yule angefufuka kwa hasira. Halafu Sifa akavuta moja iliyofungwa na kamba ya mgomba, akasema hii papa alisema ni yako. Nyuma aliandika jina langu kwa penseli, kwa herufi zile zile zilizosimama wima ambazo alinifundisha. Sikuhitaji kuifungua ili kujua ni karatasi gani. Mimi si mtu wa kulia ovyo, na pale kwenye kilio nilikuwa nimekaa na macho makavu mpaka watu wakaanza kunong'ona juu yangu. Lakini nilikaa juu ya ubao wa kitanda cha marehemu nikalia, na aliyenitoa machozi hakuwa yeye. Nilikuwa najililia mimi, na kwa aibu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ilikuwa enzi ya Zaïre bado, wakubwa wanavaa abakosti, suti zile zisizo na tai, na mimi nilikuwa msichana pekee katika chumba cha wachora ramani, kwenye nyumba ya zamani ya Wabelgiji iliyotazama ziwa. Chumba kilikuwa kirefu, madirisha makubwa, meza nne zilizoinama, na harufu ya wino wa China iliyokuwa inanifuata mpaka nyumbani. Kazi yetu ilikuwa kunakili ramani za zamani. Wabelgiji waliziacha, karatasi kwa karatasi, kila moja imechukua kipande cha nchi: mistari ya rangi ya udongo inayoonyesha mlima unavyopanda, maji kwa buluu, misitu kwa kijani, na kwa rangi nyeusi nyumba na majina. Mistari ikibanana, jua ni mteremko wa kukata pumzi. Ikiachana, ni tambarare, unaweza kulima. Papa Balagizi, mkuu wa wachoraji, alikuwa Mushi, mwenyeji wa milima ya Kabare, mwembamba, mkali, mwenye kufuta kazi ya mtu mbele yake bila kusema neno. Alinifundisha kushika pumzi wakati wa kuchora mstari. Saa sita tulikula pamoja maharage na sambaza, dagaa wa ziwani, katika sahani moja ya bati, na hapo ndipo alipokuwa binadamu. Alipenda kusema kwamba mtu anayechora ramani anawatolea ushahidi watu asiowajua. Mimi niliona ni maneno ya wazee. Nilikuwa na haraka ya maisha, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wa wanaume wote wa chumba kile, na nilijua.

Katikati ya mwaka likaja agizo la kufanya upya karatasi ya upande wa mji mdogo wa Miti. Kwa ramani mpya haitoshi kunakili. Lazima mtu aende mlimani na nakala ya zamani, aulize majina yote upya, aandike katika kitabu cha majina. Kanuni ilikuwa fupi: jina lisemwe na watu wazima watatu, wakaaji wa hapo hapo, kwa mdomo wao wenyewe. Tuliondoka wawili, Papa Balagizi na mimi, lakini siku ya tatu malaria ilimwangusha nikamwacha kwa masista, anatetemeka chini ya mablanketi manne. Alinipa ile karatasi ya zamani, amechora duara la penseli juu ya mlima mmoja. Ndani ya duara kulikuwa na vinukta saba vyeusi, nyumba saba, na jina kwa herufi ndogo sana: Mugaruka. Akasema nimalizie hapo, ni juma moja tu, niandike ninachosikia. Maskini, alikuwa na homa. Angekuwa mzima asingenituma peke yangu, maana mimi ni mtoto wa Nyawera, mjini, nililelewa na Kiswahili na Kifaransa, na Mashi, lugha ya kule, nilijua ya kununulia nyanya.

Nilipokelewa na Mama Jozefina, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye kucheka na tumbo lote. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, kuta zimepakwa udongo mweupe, na ukutani Bikira Maria wa kalenda ya misioni, miezi imekatwa amebaki yeye. Alinipa kitanda chake cha matete, yeye akalala jikoni karibu na mbuzi, na nilipokataa akaniuliza kama nataka watu wamcheke. Chakula kilikuwa bugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mboga ya lengalenga, maharage, na jioni mashanza juu ya jani la mgomba, maziwa yaliyoganda yenye chachu kidogo, ambayo mpaka leo sijakula tena matamu namna ile. Jikoni walikusanyika wake wa nyumba zile saba, na mimi chumbani, nyuma ya ukuta wa matete, nikiwasikia wananijadili. Huyu ana miaka mingapi, mbona hajaolewa, ile karatasi inaliwa? Mmoja akasema siku nikiolewa nitampikia bwana yangu wino. Walicheka mpaka moshi ukawapalia. Aliyekuja kunitafsiria utani wao alikuwa Nsimire, mke wa mtoto wa Mama Jozefina, ameolewa mwaka ule ule, rika langu kabisa, alisoma mpaka darasa la nne kwa masista. Tulizoeana haraka. Alinisuka nywele, akaniuliza habari za sinema, na mimi nikamwonyesha jinsi ya kusoma mistari ya mlima wake kwenye karatasi. Aliweka kidole juu ya kinukta kimoja akaniuliza kama yeye yuko humo ndani. Nilimwambia yumo, na nilipomwambia vile nilisema kweli.

Wanaume hawakuwako. Siku za kazi walikuwa kwenye mashamba ya chai upande wa Kavumu, au wanafyatua matofali mjini, wanarudi Jumamosi. Mimi niliondoka Ijumaa. Watoto walikuwa tele, lakini kanuni haiwahesabu watoto. Basi siku ya mwisho nilifungua kitabu changu mbele ya Mama Jozefina, Nsimire na mke mmoja wa jirani, nikauliza kama nilivyouliza milima mingine yote.

"Mama, hapa panaitwaje?"

"Hapa ni kwetu," alisema Mama Jozefina.

Niliwaambia ramani inasema ni Mugaruka, je, ni kweli? Nsimire alifunika mdomo na kitenge. Yule jirani aliinuka, akaenda kufunga mbuzi aliyekuwa amefungwa tayari. Mama Jozefina aliangalia mikono yake muda mrefu.

"Ile hatuijue, mutoto wangu," akasema. "Sisi tulikuta tu ni hapa, kwa Mwenye Mulima."

Nilirudia mara tatu, kwa sauti ya mwalimu, nalitamka lile jina polepole kana kwamba wao ni viziwi. Kila nikilitamka waliinamisha kichwa. Niliona ni ujinga, tena niliona ni haya ya watu wa mlimani mbele ya mtu wa biro. Ee Mungu, kiburi changu cha miaka ile. "Mwenye Mulima" nilikuwa nimelisikia juma zima jikoni na sikujisumbua kuuliza ni nani. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: jina halijulikani na wenyeji, mashahidi watatu, lifutwe. Wakaweka vidole gumba katika wino wangu wa China, wakacheka jinsi vilivyokuwa vyeusi, wakanifungia mashanza ya safari.

Papa Balagizi alirudi kazini dhaifu, macho ya manjano, akatia sahihi kitabu kizima bila kukisoma, kwa sababu aliniamini. Mimi nikachora. Kanuni nyingine ya biro ilisema nyumba chini ya kumi zisizo na jina haziwekwi kwenye ramani ya kipimo kile. Nilichora mistari ya mlima, nikashika pumzi kama nilivyofundishwa, nikaacha mahali pa vile vinukta saba peupe. Mkurugenzi wetu alisimama nyuma yangu, akasema karatasi hii imetoka safi. Siku ile nilikwenda nyumbani naimba.

Hazikupita wiki nyingi, mtu fulani mwenye mradi wa kupanda miti ya kwinini aliomba ardhi, akapewa ramani mpya achague penye wazi. Alichagua peupe pangu. Malalamiko ya watu wa mlima yalifika biro yetu asubuhi moja, yameandikwa na mwalimu wa shule kwa Kifaransa kizuri, na Papa Balagizi aliyasoma amesimama. Halafu akachukua kitabu changu cha majina, akasoma ukurasa ule, akakaa. Aliniuliza niliuliza nani. Nikamjibu wenyeji, wanawake watatu. Akaniuliza tena, taratibu mno: wanawake waliozaliwa pale, au walioolewa pale? Nikamwambia walioolewa. Akashika kichwa kwa mikono miwili, na mimi nikaanza kuogopa kabla sijajua kwa nini.

Alinieleza kama mtu anayemwelezea mtoto. Mugaruka ni jina la mtu, yule aliyefyeka msitu wa mlima ule na kujenga wa kwanza. Ni baba mkwe wa Mama Jozefina. Na mke wa kwetu, aliniambia, hataji jina la baba mkwe wake, wala la babu wa mume wake, akiwa hai au amekufa. Hata neno linalofanana nalo analikwepa; jina lile kwa Mashi limetoka katika neno la kurudi, basi wake wa mlima ule hata kurudi wanakusema kwa njia nyingine. Mabinti wa pale wanaweza kulitaja, lakini mabinti wameolewa kwingine. Siku za kazi mlima mzima ni wakwe watupu, na mimi nilikuja siku za kazi nikawaomba wafanye kitu cha aibu kuliko kuvua nguo, mbele ya mgeni, mara tatu, ili waandikwe kitabuni. Hawakusema uongo. "Hatuijue" na "Mwenye Mulima" ndiyo adabu yao, na mtu yeyote wa Kabare angesikia ndani yake jina lenyewe. Mimi peke yangu ndiye sikusikia.

Papa Balagizi hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliandika barua ya kusahihisha akaipeleka kwa mkurugenzi. Alitoka na barua yake mkononi. Siku ya kusikiliza shauri ilipopangwa yeye hakuitwa, niliitwa mimi, kwa sababu mwandiko ni wangu. Asubuhi ile mkurugenzi aliniita ofisini, akaninywesha chai. Alisema ramani imekwisha kupigwa chapa, na biro ikikiri kosa moja watu wataleta mia. Alisema nitaulizwa maswali mawili tu na nijibu yanayoulizwa, nisiongeze. Halafu, kama jambo jingine kabisa, akaniambia jina langu liko juu ya orodha ya wanaokwenda Kinshasa kwa masomo ya miaka miwili. Nilikunywa chai yote.

Shauri lilisikilizwa katika darasa la shule, Miti. Wakubwa wanne walikaa mbele kwenye meza ya mwalimu, na watu wa mlima walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Wanaume walisema kwanza, mmoja mmoja, na kila mmoja alitaja Mugaruka bila shida yoyote. Mwenyekiti alisikiliza, akasema wanaume wanajua wamekuja kutafuta nini. Kitabu kina mashahidi wake, na ni wanawake. Akaniita. Aliniuliza kama mwandiko ule ni wangu. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama wanawake wale waliniambia kwa mdomo wao kwamba jina lile hawalijui. Nikasema ndiyo. Kisha akaniangalia, na nakumbuka vizuri sana, maana nimepita pale kwa mawazo maisha yangu yote: alinipa nafasi. Aliweka kalamu chini akaniuliza kama nina la kuongeza. Sentensi moja ilitosha. Kila mtu mle ndani alikuwa anajua desturi ile, kuanzia wakubwa wanne pale mezani, lakini ilibidi itoke kwa aliyeandika. Nilisikia Kinshasa masikioni. Nikasema hapana, nikarudi kukaa.

Hapo Mama Jozefina alisimama bila kuitwa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Alijishika kwenye dawati, akavuta pumzi kama mtu anayeingia maji ya baridi, na akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

"Mugaruka. Fasi yetu ni kwa Mugaruka. Ni baba ya bwana yangu."

Wanawake waliinama, mmoja akaziba masikio, na mzee mmoja mwanaume alitoka nje. Nsimire, nyuma ya mama mkwe wake, alianza kulia bila sauti. Na mwenyekiti akatabasamu, akamuuliza, "Leo umelijua? Nani amekufundisha njiani?" Wakubwa wakacheka, na wachache wa nyuma, wasiohusika, wakacheka pia. Mama Jozefina alibaki amesimama, hajui kama akae. Aliniangalia mimi. Nikaangalia viatu vyangu.

Walihamishwa kabla mahindi hayajakauka. Wengine walishuka mpaka Luberizi kulima mpunga wa watu, wengine walipata vibanja kando ya barabara pale Miti. Mimi nilipanda ndege. Nilisoma, nikarudi, nikachora ramani miaka thelathini, nikawa mkuu wa chumba kile kile baada ya Papa Balagizi. Watu huniita mama wa ramani, na mjini kuna vijana wanaonishukuru kwa kuwafundisha. Papa Balagizi alikula nami sahani moja hadi anastaafu, na kuhusu siku ile ya Miti hakuwahi kuniuliza. Nilijifanya kuamini kwamba amesahau. Kumbe alikuwa ameweka karatasi ile yenye duara la penseli chini ya kitanda, na jina langu nyuma yake.

Siku saba baada ya mazishi niliichukua, nikaenda Miti. Sijui nilitaka nini. Labda nilitaka kumkabidhi mtu mzigo halafu nilale. Nsimire nilimkuta kwa kuuliza watu wawili tu. Amekaa mbele ya nyumba ya mbao anamenya mihogo, na wake wawili wa watoto wake pembeni, meno yake yamepungua, na alinitambua kabla sijasalimia. Alinipa kiti. Tulisemezana habari za miguu, za mvua, za watoto. Nikafungua ramani juu ya magoti yangu. Aliniomba nimsomee, macho hayaoni tena herufi ndogo, nikaweka kidole pale nikasoma: Mugaruka. Yeye aliinamisha kichwa kidogo, vile vile kama zamani. Wakaza wanawe hawakutikisika. Waliendelea na mihogo yao, na nikaelewa kwamba kwao lile lilikuwa neno tu, hakuna aliyewahi kuwaambia wanapaswa kuliogopa.

Nilimuuliza Mama Jozefina alifia wapi. Alinieleza bila kupandisha sauti. Wanaume wa ukoo walisema mlima umepotea kwa sababu mke alimtaja mkwe wake hadharani, amewatolea laana. Bwana yake alimrudisha kwa kaka zake, mwanamke wa miaka hamsini, na kifurushi kimoja. Alikaa kule miaka mitatu. Alipokufa watu wa bwana yake hawakuja kumchukua. Jina langu mimi, mchoraji, halikutajwa na mtu hata mara moja katika maneno yote yale. Kosa lote lilimwangukia yeye, kwa sababu alisema.

Nikamwambia Nsimire. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwambia mtu: kwamba nilikuwa najua, kwamba Papa Balagizi alikuwa amekwisha kunieleza kabla ya siku ile, kwamba niliulizwa kama nina la kuongeza na nikasema hapana. Nilidhani atashtuka. Aliendelea kumenya.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nyuma ya mama. Nilikuwa nakuangalia mu mdomo."

Aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, akanigeukia.

"Sisi tulikuwa tunakatazwa," akasema. "Wewe, ni nani alikukataza?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu aliyengoja miaka mingi kujua jambo, na alikaa ananisubiri, wakaza wanawe nao wameacha kazi wananiangalia. Nilibaki na ramani juu ya magoti, nikitafuta mtu wa kumtaja, na hakukuwa na mtu.